Bembea Alizozitafuta Baba

Kwenye msiba wa Baba, watu wa machimboni walifika nyumbani kwetu Nyasubi wamejazana kwenye fuso, nguo zao zikinuka grisi na baruti. Walikaa chini ya turubai, wakala, kisha wakaanza kumsifia marehemu. Kila aliyesimama alirudia neno lilelile: mzee huyu hakuwahi kuogopa. Mmoja akasema Baba alikuwa anashuka shimoni kama mtu anayeingia jikoni kwake. Mwingine akasema moyo ule haukuwa wa nyama. Mimi nilikuwa kwenye mkeka pamoja na kina mama, miguu imevimba kwa miezi ya kumuuguza, sina nguvu hata ya kumfukuza nzi. Nilitaka kusema, jamani, mtu huyo nilimwona akiogopa mpaka anatapika. Lakini uchovu ukishaingia mifupani, hata ukweli unaona ni kazi nyingine ya kufanya. Nikawaacha wamalize.

Harufu ya grisi ndiyo iliyobaki. Wageni walipoondoka ilikuwa bado imeshika kwenye viti vya plastiki, na nilipokuwa navipanga nilijikuta nimerudi kwenye ule mwaka ambao Baba alikuwa nyumbani. Kwa mtoto ulikuwa mwaka mtamu kuliko yote. Nyinyi wenzangu mliokulia huku mnazikumbuka bembea zetu. Hazikuwa zile za mjini zenye taa na muziki. Zilikuwa za mbao, minyororo na mabaki ya magari, zikitengenezwa na fundi mmoja mwenye wazimu wake, zikizungushwa na vijana wenye misuli, zikitokea Krismasi au Iddi na kupotea kabla hujamaliza kuzisimulia. Sisi tulizifuata. Sijui familia nyingine yoyote ya Kahama iliyofanya hivyo, na nadhani majirani nao hawakuijua, maana walitucheka vya kutosha.

Baba alikuwa mchimbaji. Kwa miaka yangu ya kwanza namkumbuka kama mgeni anayekuja na vumbi, analala siku mbili, anaondoka. Halafu siku moja mchana akaja amepakiwa nyuma ya baiskeli ya rafiki yake Masanja, hana begi, mikono imefungwa vitambaa, na hakuondoka tena. Niliambiwa Baba anapumzika. Nilifurahi mno. Nilimwona anavyohamishia godoro sebuleni, karibu na mlango, na anavyokataza mlango usifungwe hata mbu wakiingia. Nikaamua kwamba Baba anapenda upepo. Mama alipokuwa akienda sokoni kuuza mchele, mimi na Baba tulibaki uani, yeye akikaa palepale jua linapopiga, mimi nikimsimulia mambo ya shule.

Masanja ndiye aliyeleta habari ya bembea ya kwanza. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na machimboni kazi yake ilikuwa kukaa juu ya duara, ndivyo wanavyoliita shimo la kuchimbia, akizungusha winchi ya mkono inayoshusha watu na kupandisha mawe. Nilimwita baba mdogo. Sikukuu ya kwanza Baba akiwa nyumbani, akasema pale uwanjani wameleta bembea ya viti vya minyororo, tena inaruka juu kweli. Nikaruka mimi kwanza. Mama, aliyekuwa anapepeta mchele, hakuinua macho. Alisema tu kwamba kama ni lazima twende, turudi kabla ya chakula.

Ile bembea ilikuwa ekseli ya lori imesimikwa ardhini, juu yake mikono ya mabomba, na kwenye kila mkono kiti kimoja kimening'inia. Vijana waliisukuma wakikimbia mpaka miguu yao ikaacha ardhi. Nilipanda na Baba, amenipakata. Ilipoanza kupanda nilicheka kwa sauti yangu yote, na kutoka chini nikamsikia Masanja akiita, "Upo?" Baba hakujibu. Akaita tena, na tena. Nilihisi kifua cha Baba kinagonga mgongoni mwangu. Tuliposhuka alikwenda nyuma ya kibanda cha muuza soda akatapika, na Masanja akamshika bega, wakakaa hapo muda mrefu. Nikajua kwamba huo ndio mchezo wa wakubwa: wa chini anaita upo, wa juu anatakiwa aseme nipo, na Baba ameshindwa. Kesho yake niliwafundisha rafiki zangu, tukaucheza kwenye mpera wa jirani mpaka tawi likavunjika.

Mwaka ule bembea haikuwahi kuondoka; Jumapili iliyofuata tulirudi kwenye ileile, na iliyofuata tena, na safari ya tatu Baba akajibu. "Nipo." Sauti ilikuwa ndogo, ila ilitoka. Nilidhani sasa tutaipanda kila wiki. Masanja akatikisa kichwa. Alisema hii imeshazoeleka, haishushi tumbo tena, itafutwe nyingine. Hapo ndipo safari zetu zilipoanza.

Masanja alianza kuulizia. Madereva wa malori, wauza ng'ombe wa mnadani, makondakta wa mabasi ya Geita, wote aliwasimamisha kwa salamu ya Kisukuma, mwadila, habari za safari, na huko mlikotoka hamkuona bembea? Watu walimwona kapungukiwa. Mtu mzima, mikono kama mashina ya miti, anauliza bembea. Lakini ajabu ya kuuliza ni kwamba majibu yapo. Huyu kaona kitu fulani kwenye gulio la mbali, yule kasikia kwa shemeji yake. Jioni Masanja alikuja uani, akachora vumbini kwa kijiti jinsi kilivyo: kinazunguka au kinashuka, kamba au mnyororo, nani anakisukuma. Baba aliinama kutazama, na mimi nikainama katikati yao. Walizungumza kama wafugaji wanavyozungumzia ng'ombe wa watu. Hii ina mwendo lakini haina kina. Ile ina kina lakini inashuka polepole, haina maana.

Nyingine zilikuwa za kuchekesha. Upande wa Ibadakuli, si mbali na uwanja wa ndege, mzee mmoja alikuwa amelaza gogo refu juu ya kisiki, ncha moja ameifungia kiti alichodai ni cha ndege. Masanja alikikagua, akasema kiti hiki ni cha basi, hata jivu la sigara bado limo. Mzee akanuna, ikabidi Baba amwombe radhi na kumpa shikamoo upya ndipo akakubali kutuzungusha. Kwa kununa kwake alituzungusha vibaya sana. Gogo lilipanda, likashuka ghafla, likapanda, na Baba huku amefumba macho akaitika, mara mbili, ya pili ikikatika katikati. Masanja alisema nusu ni nusu, inahesabika.

Nyingine zilituchosha bure. Tulipanda fuso la mahindi siku nzima kufuata bembea ya kamba iliyosemekana imefungwa juu ya jabali, tukafika tukakuta jabali tu na vijana wanatuambia kamba ilishakatwa, wamefungia ng'ombe. Tulirudi usoni tumejaa pumba. Sasa hivi nikiwa na watoto wangu, wakiniomba niwapeleke mahali, naikumbuka safari ile kwenye magoti yangu. Sielewi Baba aliwezaje kunibeba mgongoni kutoka barabara kuu hadi nyumbani, wakati yeye mwenyewe alikuwa halali usiku. Wakati ule sikuuona uchovu wake. Niliona mgongo tu, mpana, na niliulalia.

Buseresere tulikuta gurudumu. Seremala mmoja alilijenga lote kwa mbao na misumari, likiwa na masanduku manne ya kukalia, na halikuwa na mashine ya aina yoyote. Vijana wanne walipanda kwenye mbao zake kama wanaopanda ngazi, na kwa uzito wao likazunguka, wao wakiruka chini kabla halijawafikisha kwenye udongo. Katikati lilipakwa grisi nyeusi iliyotudondokea mabegani. Tulipofika juu kabisa niliona mapaa yote ya bati ya senta, na barabara ya Biharamulo ikienda zake. Kisha sanduku letu likaanguka upande wa pili. "Upo?" aliita Masanja kutoka chini. Baba alinishika mkono, akaitika mzunguko wa kwanza, akaitika wa pili. Wa tatu alinyamaza. Lakini alishuka kwa miguu yake, na hakutapika. Njiani kurudi Masanja aliimba, na Baba akatabasamu, na mimi nikasema moyoni kwamba Baba amenipenda sana mwaka huu, mpaka anaacha kazi ili atembee na mimi.

Nikafika nyumbani nikamwambia Mama hivyohivyo. Ilikuwa asubuhi, Baba amekwenda kuchota maji, na Mama alikuwa uani na ungo wake. Nilimsimulia gurudumu, vijana, grisi, na jinsi Baba alivyoitika. Mama siku zote alikuwa akinuna tukitaja bembea, na mimi nilikuwa nimeshamweka kwenye kundi la watu wasiopenda furaha. Nikamwuliza kwa nini asije na sisi siku moja. Aliuweka ungo chini, akaniita bebe, yaani wewe kwa Kisukuma.

"Bebe Minza, unafikiri baba yako anacheza?"

Nikasema ndiyo.

Aliniambia polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwishachoka na jambo kabla hajalisema. Duara lao liliporomoka. Baba alikaa chini ya udongo mpaka wenzake walipomfikia kwa mikono. Huko machimboni, akasema, mtu hashuki kamba akiwa kimya. Wa winchi anaita, wa kwenye kamba anaitika, hivyohivyo mpaka miguu iguse chini. Asiyeitika anavutwa juu palepale, maana watajua anatetemeka, na anayetetemeka anapiga ukuta na kuwaangushia mawe walio chini yake. Baba alipopona vidonda alirudi kujaribu, siku moja tu, mimi nikiwa shule. Kamba ilipoanza kushuka sauti ikagoma. Wakamrudisha juu, na kiongozi wa duara akasema asishushwe mtu huyu mpaka koo lake lifunguke.

"Sasa Masanja anamtafutia sauti yake kwenye hayo mabembea," Mama akasema. "Siku akiitika mpaka mwisho, amerudi shimoni."

"Na asipoitika?"

"Atabaki hapa na sisi."

Nikamwuliza tutakula nini. Akasema tutakula mchele utakaobaki bila kuuzwa, akauchukua ungo wake tena. Sikuwa mtoto mjinga. Nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba kila mara nilipopiga makofi nilikuwa nampigia Baba makofi aondoke. Niliingia ndani nikalala kwenye godoro lake pale mlangoni, nikaogopa kwa mara ya kwanza kile alichokuwa anaogopa yeye. Nilijaribu kufumba macho na kuwaza udongo mdomoni. Nilishindwa kukaa hata kidogo.

Masanja hakuwa mtu mbaya. Nasema hivi kwa sababu Mama aliingia kaburini bila kumsamehe. Masanja alimpenda Baba, na kwa akili yake mwanamume asiyeweza kushuka ni mgonjwa, na mgonjwa hutafutiwa dawa. Naamini pia kwamba njiani humo bembea zenyewe zilimwingia. Alianza kuzisemea kwa mapenzi, kuzitofautisha, kuzikumbuka. Alikuja siku moja macho yanang'aa, akasema ameipata ambayo hakuna mtu wa Kahama aliyewahi kuipanda. Mbele ya Geita, kwenye mgodi wa zamani uliokufa tangu enzi za wakoloni, kuna toroli la chuma na reli zake. Reli zinashuka mlima wote. Vijana wa pale Jumapili wanalisukuma hadi juu, wanapanda, wanaliachia. Linateremka lenyewe, linaingia bondeni, linapanda kilima kidogo na kusimama. Haliguswi na mtu, halisukumwi, halizuiwi. Akasema akiitika humo, basi yamekwisha.

Baba akasema twende. Niliomba na mimi niende, na Mama, kwa mara ya kwanza, alisema niende. Alinifunga kilemba kichwani kwa vumbi, akanitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Sikujua alitaka nifanye nini. Mimi nilijua ninachotaka.

Mlima ule ulikuwa mrefu kuliko nilivyofikiria, na toroli lilikuwa sanduku la chuma lenye kutu, magurudumu yamepakwa grisi mpya inayong'aa juani. Vijana watatu walilizuia kwa gogo. Masanja alishuka kwa miguu mpaka chini kabisa, akawa mdogo, akasimama pembeni ya reli. Baba aliingia, akaniweka mbele yake. Aliniuliza kama naogopa. Nikasema ndiyo, na huo haukuwa uongo. Gogo likaondolewa.

Mwanzoni tulikwenda kama baiskeli. Halafu mlima ukaanguka, na upepo ukajaa mdomoni, na reli zikaanza kupiga kelele. Kutoka chini ikaja sauti ya Masanja, nyembamba: "Upo?" Nikahisi kifua cha Baba kinakaza nyuma yangu, na nikajua amekwama, kama kwenye minyororo, kama kwenye gurudumu. Nilitakiwa ninyamaze tu. Angekwama mwenyewe. Badala yake nikaanza kulia na kupiga mateke, nikampigia kelele asijibu, nikamwambia, "Sema hatupo! Baba, sema hatupo!" Nililia kwa kweli, kwa nguvu zote, nikijaribu kuruka nje, na toroli likayumba upande mmoja.

Baba akanikamata. Alinibana kwa mikono yote miwili, kidevu kikagandamiza kichwa changu, na akaanza kuongea sikioni mwangu, tulia mwanangu, tulia, niko hapa, tunafika sasa hivi. Masanja akaita tena. "Nipo!" Baba akaitika. "Nipo na mtoto!" Sauti ilikuwa ileile ya zamani, ya kuitia ng'ombe. Akaitwa, akaitika. Tukaingia bondeni, akaitika. Tukapanda kilima kidogo, chuma kikapunguza kelele, tukasimama, na Baba alikuwa bado ananibembeleza.

Masanja alikuja mbio. Alipotufikia hakuruka wala kupiga makofi. Alikaa kwenye nyasi, akafuta macho kwa kiganja. Baba alinitoa torolini, akaniweka chini, akainama kunifuta kamasi kwa shati lake.

"Sikukumbuka hata kuogopa," aliniambia, akinitazama kama mtu anayeshukuru. "Nilikuwa nakutuliza wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilimpigia kelele abaki, kelele zikamponya. Nimekuwa na miaka mingi ya kulifikiria hilo, na siku hizi silifikirii tena, nalibeba tu. Baba alishuka shimoni tena, akashuka miaka yote ambayo wale watu wa msibani walikuwa wanaisimulia. Alinisomesha kwa fedha za huko. Alijenga nyumba hii yenye vyumba, akalala chumbani na mlango umefungwa. Duara halikumfukia tena. Vumbi lake ndilo lililomfuata polepole, likakaa kifuani, mpaka mwisho akawa hawezi kuita jina langu bila kupumzika katikati. Mchimbaji wa huku hafi siku anayokufa, anaanza mapema. Siwezi kusema ningechagua nini, kwa sababu mtu aliyeshiba chakula cha shimoni hana mdomo mzuri wa kulilaani shimo.

Siku ile tulirudi jioni, jua bado lipo. Baba na Masanja walibaki barabarani wakiongea na jirani, wakicheka kwa sauti, na kicheko cha Baba nilikuwa sijakisikia tangu aletwe kwenye baiskeli. Mimi nilitangulia. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuwatazama wao. Alinitazama mimi, macho yangu yaliyovimba, kilemba changu kilichofunguka.

"Aliitika?"

Ningeweza kusema hapana. Nilifungua mdomo kulisema. Lakini kile kicheko kilikuwa kinakaribia kutoka barabarani.

"Aliitika," nikasema.

Mama alitikisa kichwa taratibu. Akaingia ndani, akapiga magoti, akavuta kutoka chini ya kitanda suruali ya kazi na shati lililokaukiwa udongo, akavileta uani, akavitumbukiza kwenye beseni. Maji yakawa mekundu mara moja. Alianza kufua. Nikachuchumaa upande wa pili, nikashika mguu mmoja wa suruali, tukafua wote.